Trola iliyowinda nyambizi: kisa cha HMT Bedfordshire na mkanganyiko wa neno manowari

Katika kisiwa cha Ocracoke, kwenye pwani ya jimbo la North Carolina nchini Marekani, kuna makaburi manne yaliyozungushiwa uzio mweupe wa mbao, na pembeni yake hupepea bendera ya Jeshi la Wanamaji la Uingereza. Kila mwaka, ifikapo Mei, hufanyika hapo ibada ya kumbukumbu kwa ajili ya mabaharia wa meli ya Uingereza iliyoitwa Bedfordshire, waliokufa Mei 1942 katika Vita vya Pili vya Dunia. Picha za ibada hiyo zinapozunguka mitandaoni huambatana na maelezo yanayogongana: huyu anaandika kwamba Bedfordshire ilikuwa manowari, yule anasisitiza kwamba ilikuwa meli ya wavuvi iliyozamishwa bila kosa lolote, na wa tatu anadai kwamba kipande hicho cha ardhi si mali ya Marekani tena bali ni sehemu ya Uingereza. Kila dai lina chembe ya ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo si rahisi kuyapambanua bila kwanza kutulia na kuyatazama maneno yenyewe.

Tuanze na neno linalotusumbua sisi wenyewe katika Kiswahili. Manowari, kwa asili yake, ni meli yoyote ya kivita. Tulilichukua kutoka kwa Waingereza katika enzi ya matanga na mizinga, likakaa vizuri mdomoni hata tukasahau kwamba lilikuwa geni. Hata hivyo, wapo wengi wanaolitumia kwa maana ya chombo kinachopiga mbizi, ambacho jina lake hasa ni nyambizi. Mtu akiambiwa kwamba manowari ilikuwa ikiwinda manowari, na kwamba mwindaji mwenyewe alikuwa meli ya samaki, hawezi kulaumiwa akichanganyikiwa. Katika makala haya, nyambizi ni chombo kinachozama na kuibuka kwa hiari yake, na manowari ni meli ya kivita inayoelea.

Neno la tatu ni trola. Aliyewahi kuona watu wakivuta kokoro ufukweni anaijua tayari nusu ya kazi ya trola: wavu mrefu unazungushwa majini, kisha kundi la watu linauvuta hadi nchi kavu, nao unakusanya kila kilicho mbele yake. Trola hufanya kazi ya jinsi hiyo mbali na nchi kavu, kwa kukokota mfuko mkubwa wa wavu kwenye sakafu ya bahari kwa nyaya nene za chuma zinazozungushwa na winchi. Wavuvi wa Ghuba ya Ungwana na wa delta ya Rufiji wanazifahamu trola za kambamiti, na wengi wao hawana kumbukumbu njema nazo. Trola za Uingereza za miaka ya 1930 zilikuwa kubwa kuliko hizo na zilijengwa kwa bahari kali zaidi, kwa kuwa zilikwenda kuvua hadi Iceland na kwingineko kaskazini, mahali ambapo mawimbi huganda yakawa barafu juu ya sitaha na mabaharia hukaa wiki kadhaa bila kuona bandari.

Bedfordshire ilikuwa trola ya aina hiyo. Ilijengwa mwaka 1935 na kampuni ya Smiths Dock karibu na Middlesbrough, ikafanya kazi kutoka Grimsby, bandari iliyokuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa za uvuvi duniani. Urefu wake haukufika mita 50. Ilikuwa na injini ya mvuke iliyochoma makaa ya mawe na bomba moja la moshi, na kasi yake haikuzidi sana kilomita 20 kwa saa. Agosti 1939, wiki chache kabla ya vita kutangazwa, Jeshi la Wanamaji la Uingereza liliinunua pamoja na nyingine nyingi.

Kwa nini jeshi lenye meli kubwa za deraya lihitaji vyombo vya wavuvi? Jibu liko katika hesabu ya muda. Manowari ya kusindikiza misafara huchukua miezi mingi kujengwa, ilhali trola zilikuwa tayari majini, zikiwa na manahodha waliozijua kama mtu anavyoijua nyumba yake. Pia fikra yenyewe haikuwa mpya. Mwaka 1910 Uingereza ilikuwa imeunda tawi la wavuvi ndani ya jeshi lake la akiba la wanamaji, baada ya majaribio kuonyesha kwamba trola ingeweza kukokota waya wa kusafishia mabomu yaliyotegwa baharini kwa ustadi ule ule wa kukokota wavu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia mamia ya trola yalifanya kazi hiyo. Vita vya Pili vilipokaribia, makao yao yakawa Lowestoft, mji wa uvuvi mashariki mwa Uingereza, na ndipo wavuvi walipoitwa kuripoti, baadhi yao wakiwa bado na nguo walizovaa walipotoka baharini.

Kuigeuza trola kuwa chombo cha kivita kulihitaji mabadiliko machache, lakini kila badiliko lilikuwa na maana. Mbele, juu ya jukwaa lililoinuliwa, uliwekwa mzinga wa inchi 4. Ghala la samaki lilisafishwa na kugawanywa kuwa mahali pa kulala mabaharia na pa kuhifadhi risasi na baruti. Chini ya tumbo la meli kilifungwa chombo cha kusikiliza kilichoitwa asdiki, na nyuma, mahali palipokuwa pa kazi ya nyavu, zilijengwa reli za kuteremshia mabomu ya kina. Meli ikapakwa rangi ya kijivu na kupewa namba ya FY141. Mbele ya jina lake zikaongezwa herufi HMT, ambazo maana yake ni trola ya Mfalme. Herufi hizo tatu zinatosha kujibu nusu ya ubishi wa mitandaoni, kwa sababu zinatamka mambo mawili kwa pamoja: kwamba chombo hiki kilikuwa cha kijeshi, na kwamba hakikuacha kuwa trola.

Asdiki, ambayo leo hujulikana zaidi kwa jina la sona, ndiyo inayokosewa zaidi katika masimulizi. Watu hudhani ilikuwa jicho la chini ya maji, lakini haikuona chochote. Ilisikia tu, kama popo anavyosikia gizani. Chombo kilitoa mlio mkali kuelekea upande mmoja, kisha baharia aliyevaa visikizio akasubiri mwangwi. Mlio ukigonga kitu kigumu hurudi, na muda uliopita kati ya kutoka na kurudi huonyesha umbali. Tatizo ni kwamba mwangwi haujitambulishi. Kundi kubwa la samaki hurudisha mlio, mwamba hurudisha mlio, na mabaki ya meli iliyozama miaka 50 iliyopita hurudisha mlio mzuri kuliko vyote. Hapo mvuvi mzoefu alikuwa na faida ndogo lakini ya kweli, kwa kuwa alikuwa ameishi maisha yake yote akikisia kilicho chini ya maji kwa kusoma dalili zilizo juu yake.

Udhaifu mwingine wa asdiki ulikuwa mkubwa zaidi. Mlio wake ulielekezwa mbele na ulipita kwa pembe ndogo, hivyo nyambizi ikiwa karibu sana na ikiwa kina kirefu, mlio ulipita juu yake na mwangwi ukapotea. Maana yake ni kwamba katika dakika ya mwisho, pale mabomu yalipopaswa kudondoshwa, mwindaji alikuwa kiziwi na alitupa kwa kukisia. Pia tabaka za maji ya joto na ya baridi hupindisha sauti, na bahari ya North Carolina, ambako mkondo wa joto utokao Ghuba ya Meksiko hukutana na maji baridi yatokayo kaskazini, ina tabaka hizo kwa wingi.

Silaha yenyewe, bomu la kina, msomaji wa Pwani ataielewa bila shida, kwa bahati mbaya. Lilikuwa pipa la chuma lililojaa baruti, zaidi ya kilo 100, lenye kifaa kilichofyatuka kwa shinikizo la maji kwenye kina kilichopangwa kabla ya kutupwa. Anayejua uvuvi wa baruti anajua kinachofuata. Samaki wanaookotwa baada ya mlipuko mara nyingi hawana jeraha nje, lakini ndani wamepasuka, kwa sababu maji hayabonyei kama hewa na hupeleka kishindo chote hadi kwenye mwili. Bomu la kina halikuhitaji kuigusa nyambizi. Hata hivyo lilihitaji kuikaribia sana, ndani ya mita chache, ndipo livunje gamba lake. Likilipuka mbali kidogo, liliwatikisa waliomo, likazima taa na kuvunja vioo vya mitambo, na nyambizi ikaenda zake. Kwa trola palikuwa na hatari ya ziada: bomu likipangiwa kina kifupi, meli yenye mwendo wa polepole haikuwa na muda wa kutosha kuondoka juu yake, na mlipuko uliokusudiwa kwa adui uliweza kuibomoa trola yenyewe upande wa nyuma.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki haya si mambo ya mbali. Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini, Mombasa, ikielekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldivi. Ndani yake walikuwamo askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na waliokufa kwa jumla walikaribia 1,300. Meli za kusindikiza zilipoiwinda I-27, mabomu ya kina yalidondoshwa wakati manusura walikuwa bado wanaelea majini. Ni askari wetu waliokumbwa na kishindo hicho, na inaniumiza kwamba jina la meli hiyo halifahamiki hata kwa wengi wa wale waliokulia karibu na bandari ilikotoka.

Turudi kwa adui wa Bedfordshire. Dhana inayopotosha zaidi katika mjadala huu wote ni kwamba nyambizi za vita ile ziliishi chini ya maji kama nyambizi za nyuklia za leo. Nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VII, ambayo ndiyo iliyotumika zaidi, ilikuwa mashua ya juu ya maji yenye uwezo wa kujificha kwa muda. Juu ya maji ilitumia injini za dizeli na ilikimbia zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Chini ya maji dizeli ingemaliza hewa, kwa hiyo ilitumia betri, mwendo ukashuka hadi chini ya nusu ya huo, na betri zilipoisha ilibidi iibuke kuzichaji. Kwa hiyo usiku nyambizi ilishambulia ikiwa juu, mwili wake wote ukiwa mfupi kama gogo linaloelea. Asdiki, iliyotengenezwa kutafuta kilicho chini, haikuwa na msaada mkubwa hapo. Trola nyingi hazikuwa na rada. Na kama nyambizi ingeamua kukimbia juu ya maji, trola isingeifikia kamwe, kwa sababu mwindwa alikuwa na mbio kuliko mwindaji.

Pamoja na hayo, ni kosa kuhitimisha kwamba trola zilipelekwa kufa bila matumaini. Juni 1940, siku chache baada ya Italia kuingia vitani, nyambizi ya Kitaliano Galileo Galilei, iliyotokea Massawa, bandari ya Eritrea, ilikuwa ikiwinda meli karibu na Aden. Trola ya Uingereza, Moonstone, ambayo kabla ya vita iliitwa Lady Madeleine, iliipata kwa asdiki na kuidondoshea mabomu ya kina. Nyambizi ikaibuka ili kupigana kwa mizinga, ikiwa na mizinga miwili dhidi ya mmoja. Kiongozi wa Moonstone, ambaye cheo chake kilikuwa kile ambacho mabaharia wetu hukiita serahangi, badala ya kujitenga alielekeza trola yake moja kwa moja kwa adui, hadi umbali ambao bunduki ndogo za mabaharia wake ziliweza kufagia sitaha na mizinga ya Waitaliano ikakosa watu wa kuifyatua. Kamanda wa nyambizi aliuawa pamoja na maofisa wake wengi. Manowari ya Uingereza, Kandahar, ilipofika, nyambizi hiyo ilikokotwa hadi Aden ikiwa nzima, na nyaraka zilizokutwa ndani yake zikasaidia kuzinasa nyambizi nyingine. Tofauti kubwa kati ya siku ile ya Aden na usiku wa Bedfordshire ni moja: Moonstone ndiyo iliyosikia kwanza.

Sasa swali ambalo huulizwa kila mara: trola ya Kiingereza ilifuata nini Marekani? Marekani iliingia vitani Desemba 1941, na Januari 1942 Ujerumani ikatuma nyambizi kwenye pwani yake ya mashariki, tano tu katika wimbi la kwanza. Tano zilitosha kuleta balaa. Meli za mizigo zilikuwa zikisafiri moja moja bila kusindikizwa, miji ya pwani ikiwa imewasha taa zote, hivyo kamanda wa nyambizi aliyekaa upande wa bahari aliziona meli zikipita mbele ya mwanga kama mtu anavyoona kivuli cha mpita njia mbele ya dirisha lenye taa. Mamia ya meli yalizamishwa katika miezi iliyofuata, hasa meli za mafuta, na maiti wakawa wanatupwa na mawimbi kwenye fukwe za North Carolina. Jeshi la Marekani lilikuwa na meli kubwa, lakini lilikosa vyombo vidogo vya kulinda mwambao. Uingereza, ambayo chakula na mafuta yake vilitegemea meli hizo hizo, ikaazimisha trola 24 pamoja na mabaharia wake. Kwa desturi tunafikiri msaada wa vita ile ulitoka Marekani kwenda Uingereza. Hapa ulikwenda upande wa pili, nao ulikuwa wa meli za wavuvi.

Trola hizo zilivuka Atlantiki katika majira ya baridi, na hata kuvuka kwenyewe kuligharimu maisha, kwani Northern Princess ilizamishwa Machi 1942 pamoja na watu wake wote kabla haijafika. Zilizofika zilihitaji matengenezo, kisha zikagawanywa kwenye bandari mbalimbali. Hatari haikutoka kwa adui peke yake. Meli zilisafiri usiku bila taa katika njia nyembamba zilizojaa vyombo, na trola St Cathan na Senateur Duhamel zilipotea kwa kugongwa na meli rafiki, ya kwanza Aprili na ya pili mwanzoni mwa Mei. Mabaharia waliozoea baridi ya Iceland walikuwa wakifanya kazi katika joto la kusini mwa Marekani, ndani ya vyumba vya injini vya makaa ya mawe, na anayeijua kazi ya kuchochea makaa anaweza kukisia vyumba hivyo vilikuwaje.

Bedfordshire ilipewa kituo cha Morehead City, North Carolina, chini ya Luteni R. B. Davis. Kazi yake ya kila siku ilikuwa doria na kusindikiza meli, saa nyingi za kusikiliza mwangwi ambao mara nyingi ulikuwa wa mabaki ya meli kuukuu, maana bahari hiyo imekuwa kaburi la meli kwa karne nyingi. Mmoja wa maofisa wake alikuwa Thomas Cunningham, kijana mwenye ndevu nyeusi, ambaye mkewe huko Uingereza alikuwa mjamzito.

Ni kuhusu Cunningham ndipo kisa hiki kinapopata tukio ambalo watu wa Ocracoke hawajalisahau. Aprili 1942 meli ya mafuta ya Uingereza, San Delfino, ilizamishwa, na maiti za mabaharia zikaanza kuonekana ufukweni. Aycock Brown, raia aliyefanya kazi ya uchunguzi kwa niaba ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, alitaka wafu hao wazikwe kwa heshima ya nchi yao, akapanda kwenye Bedfordshire kuomba bendera ya Uingereza. Cunningham alimpokea vizuri, akamkaribisha, na badala ya bendera moja akampa sita. Brown alitumia alizozihitaji, na zilizosalia akazihifadhi.

Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, Bedfordshire ilikuwa doriani pamoja na trola nyingine, St Loman, ikitafuta nyambizi iliyoripotiwa. Nyambizi ilikuwepo kweli: U-558 ya aina ya VII, chini ya Günther Krech. Krech aliiona Bedfordshire kabla ya kuonwa, akafyatua topido, yaani kombora linalojiendesha ndani ya maji, na baada ya kukosa mara ya kwanza akafyatua tena. Topido hutengenezwa kwa ajili ya meli za maelfu ya tani. Ilipogonga chombo cha tani 443, hapakuwa na muda wa kuteremsha mashua wala kupeleka ujumbe wa redio. Watu 37 waliokuwamo walikufa wote. Mchochea makaa mmoja ambaye hakuiwahi meli ilipong'oa nanga alibaki nchi kavu akiwa hai.

Kwa kuwa hakuna ujumbe uliotumwa, hakuna aliyejua. Tarehe 14 Mei walinzi wa pwani waliokota miili miwili ufukweni Ocracoke. Brown aliitwa kuitambua, na mmoja wa wale waliolazwa mbele yake alikuwa Cunningham. Wa pili alikuwa Stanley Craig, mwendesha redio. Familia ya kisiwani humo ilitoa kipande cha ardhi kando ya makaburi yake yenyewe, na majeneza mawili yakafunikwa kwa bendera mbili, zile zile ambazo Cunningham alikuwa amezitoa kwa ajili ya wengine. Siku chache baadaye bahari ilileta miili mingine miwili ambayo haikuweza kutambuliwa kwa majina, ikazikwa karibu nao.

Baada ya kuyajua hayo, madai ya mitandaoni yanaweza kutazamwa kwa utulivu zaidi. Je, Krech alizamisha wavuvi wasio na hatia? Hapana, na jambo hili linahitaji kusemwa wazi hata kama linaumiza. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1907 ulizilinda mashua za uvuvi wa mwambao zisitekwe, lakini kwa sharti kwamba zisishiriki vita kwa namna yoyote. Trola iliyochukua mzinga, ikapandisha bendera ya jeshi na kubeba mabaharia walioandikishwa jeshini haikuweza kudai kinga hiyo. Ilikuwa na haki ya kushambulia, na kwa sheria hiyo hiyo ilikuwa shabaha halali. Kumwita baharia wa Bedfordshire mvuvi asiye na hatia ni kumnyang'anya kile alichokichagua.

Wengine husema kwamba trola hizi zilikuwa mtego, zikijifanya meli za samaki ili nyambizi zisogee na kupigwa. Hapo watu huchanganya vitu viwili. Uingereza ilikuwa kweli na meli za hila, ambazo zilivaa sura ya meli za biashara na kuficha mizinga nyuma ya mbao za kuangushwa, hasa katika Vita vya Kwanza. Bedfordshire haikuficha chochote. Mzinga wake ulisimama mbele peupe, namba yake iliandikwa ubavuni, na kama ilifanana na meli ya wavuvi, ni kwa sababu ilijengwa iwe meli ya wavuvi.

Ama kuhusu ardhi ya makaburi, dai la kwamba ni milki ya Uingereza limetokana na hisia zaidi kuliko sheria. Mahali hapo pana maneno ya shairi mashuhuri la Kiingereza lisemalo kwamba pembe ya nchi ngeni alipozikwa askari itakuwa Uingereza milele, na mgeni akiyasoma chini ya bendera ile huona kama hati ya umiliki. Kilichopo ni mkataba: mwaka 1976 ardhi hiyo ilikodishwa bila kikomo cha muda kwa tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ile ile inayotunza makaburi ya vita ya Dar es Salaam, Moshi, Taveta na Voi. Aliyekodisha nyumba kwa maisha yake yote anaishi humo kwa amani, lakini mipaka ya wilaya haijahama. Sheria za North Carolina zinafanya kazi ndani ya uzio kama zinavyofanya kazi nje yake.

U-558 nayo haikufika mwisho wa vita. Julai 1943 ilizamishwa na ndege katika Ghuba ya Biscay, na Krech alikuwa miongoni mwa wachache waliookolewa. Mabaki ya Bedfordshire yaligunduliwa na wapiga mbizi mwaka 1980, yakiwa kwenye kina cha mita 30 hivi, na tangu 2015 yamo katika orodha ya taifa ya Marekani ya maeneo ya kihistoria, ambako huhifadhiwa kama kaburi. Wengi wa watu wake hawana kaburi lingine lolote. Mnara wa Lowestoft, ulioko katika mji ambako wavuvi wale waliripoti, una majina 2,385 ya watu wa kikosi chao ambao kaburi lao ni bahari tu.

Pale Ocracoke, mawe mawili yana majina na mawili hayana. Kaskazini zaidi, huko Buxton katika kisiwa cha Hatteras, kuna kaburi lingine la baharia asiyejulikana, anayeaminika kuwa wa Bedfordshire. Limechimbwa kando ya kaburi la mtu wa San Delfino, meli ile ambayo kwa ajili ya wafu wake Brown alikwenda kumwomba Cunningham bendera.